Isli: Raha ya Mtaa wa Wengi, na Kazi ya Kuulinda

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu ujirani mwema jijini



Mtu akishuka matatu ya nambari 6 au 9 huko Eastleigh saa kumi jioni, jambo la kwanza linalomgonga masikioni ni lugha. Mwenye duka anaitana na jirani yake kwa Kisomali. Makanga anaita abiria kwa Sheng. Vijana wawili wenye mkokoteni wanaomba njia kwa Kiswahili, kisha wanaulizana kwa Kikamba mzigo uende orofa ya ngapi. Kwenye mgahawa wa pembeni, meza moja inazungumza Kioromo na nyingine Kiamhari. Hakuna anayegeuka kushangaa. Kwa mkazi wa Isli, kama wenyeji wanavyouita mtaa huo, hiyo ndiyo sauti ya jioni.

Wapo wanaouita Mogadishu Ndogo. Jina hilo lina ukweli wake, lakini linaficha mengi. Mazungumzo haya yanahusu yanayofichwa: kwa nini watu wa asili nyingi hivyo huchagua kuishi Isli na kubaki huko, na ni nini kinachohitajika ili ujirani wao usivunjike.

Nani mgeni?

Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kituo cha wajenzi wa reli. Karibu kila familia iliyo jijini leo ilitoka mahali pengine, iwe ni mashamba ya Murang'a, ufuo wa Ziwa Victoria, milima ya Taita au Gujarat. Eastleigh ilianzishwa mwaka 1921, wakati utawala wa kikoloni ulipokuwa ukiwagawa watu kwa rangi na asili. Waliojenga humo kwa wingi walikuwa Wahindi, na Wasomali waliofanya biashara mjini walikuwemo tangu miaka hiyo ya mwanzo. Upande wa pili, Pumwani ulikuwa mtaa wa Waafrika, ukiwa na Waswahili, Wanubi na wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi.

Baada ya uhuru, Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko. Wakikuyu na Wakenya wengine wakanunua nyumba zao. Kisha ukaja mwaka 1991. Mwezi wa Januari serikali ya Siad Barre ilianguka nchini Somalia, na mwezi wa Mei ile ya Mengistu Haile Mariam ikaanguka Ethiopia. Watu waliokimbia vita walifika Isli wakitafuta mahali palipokuwa tayari na mtu anayeelewa lugha yao.

Hapa kuna kosa linalofanywa kila siku na linaloumiza wengi. Si kila Msomali wa Isli ni mkimbizi, wala si kila mmoja alitoka nje ya nchi. Wengi ni Wakenya wa kuzaliwa, kutoka Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, au watoto waliozaliwa Nairobi na wasioijua nyumba nyingine. Kumwita Mkenya mgeni katika mtaa aliozaliwa babu yake ni kumnyang'anya kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kumrudishia kwa muhuri.

Kitanda kilichogeuka duka

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Isli ni ushahidi wa methali hiyo. Katika miaka ya tisini kulikuwa na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Waliopanga vyumba humo walianza kuuza bidhaa mle mle vyumbani. Mchana chumba kilikuwa duka, usiku kikawa mahali pa kulala. Biashara ilipokua, vyumba viliacha kulaza watu kabisa, na jengo likawa soko. Wengine waliiga, na kutokana na mfano huo yakaja maduka makubwa ya orofa nyingi yenye vibanda vidogo vidogo, ambavyo leo vinavutia wanunuzi kutoka Uganda, Tanzania, Sudan Kusini na Kongo.

Lakini hesabu ya soko hilo haiishi kwa mwenye kibanda. Nguo ikishuka kwenye lori, kuna kijana wa mkokoteni anayeisukuma. Ikihitaji kupunguzwa, kuna fundi cherehani. Mwenye duka akichoka, anataka chai, na kuna mama wa kumletea. Mwenye jengo anapokea kodi, mlinzi analipwa kukesha, na mwenye matatu anabeba wanunuzi. Alasiri miraa inafika kutoka Meru, na muuzaji wake Mmeru anamjua mteja wake Msomali kwa jina, kwa deni na kwa habari za watoto. Maziwa ya ngamia yanaletwa kutoka Isiolo, viazi na sukuma wiki kutoka Marikiti. Wapo wauzaji Wakikuyu na Wakamba wanaopatana bei kwa Kisomali bila kutafuta neno.

Kitu kimoja, majina matatu

Anayeishi katika mtaa wa namna hii hugundua upesi kwamba jirani anafanya jambo lile lile kwa jina tofauti. Akina mama wa Kikuyu, Kikamba au Kiluo wana chama: kila mwezi wanachanga, na kila mwezi mmoja anachukua. Akina mama wa Kisomali wana ayuto, na utaratibu ni huo huo. Waethiopia wanaiita ikubu. Fedha za namna hii zimelipa karo, zimefungua vibanda na zimezika wafu. Hakuna karatasi nyingi. Kuna neno la mtu, na aibu ya kulivunja.

Ndiyo maana watu huonana upesi Isli. Mama aliyefika juzi bila ndugu hana dhamana ya benki, lakini akionekana mwaminifu kwa miezi michache, jirani atamdhamini.

Chakula nacho kinafundisha. Mtoto wa jirani akialikwa kwa Wasomali anakuta ndizi mbivu kando ya wali, na anacheka mpaka aonje. Kwa Waethiopia anakuta injera imetandazwa kwenye sinia moja, na wote wanakula humo. Anaporudi nyumbani kwa ugali na maharagwe, amejua kwamba kula pamoja kuna njia zaidi ya moja.

Hata kalenda ya mtaa ni ndefu kuliko ya mitaa mingine. Mwezi wa Ramadhani maduka hubaki wazi usiku, na harufu ya sambusa hujaa barabarani kabla ya magharibi. Desemba wanunuzi hujaa kutafuta nguo za Krismasi. Tarehe 7 Januari Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia husherehekea Krismasi yao, na kwa kawaida Septemba 11 Waethiopia hukaribisha mwaka mpya. Mfanyabiashara mwenye akili huzijua sikukuu zote, yake na za wenzake.

Siku uzi ulipokatika

Si haki kusifu raha hii bila kusema jinsi ilivyokaribia kupotea.

Novemba 2012, mlipuko ndani ya matatu uliwaua watu Isli. Siku iliyofuata, vijana waliokuwa na hasira walivamia maduka na nyumba za Wasomali, wakarusha mawe na kupora. Waliokufa kwenye matatu walikuwa wakazi wa kawaida. Waliovunjiwa maduka nao walikuwa wakazi wa kawaida. Waliotega bomu hawakuguswa na jiwe hata moja.

Aprili 2014, baada ya mashambulizi mengine, ulifanyika msako mkubwa wa kiusalama. Maelfu ya watu walikamatwa, na baadhi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vikaguliwe. Miongoni mwao walikuwemo Wakenya na wakimbizi wenye hati halali. Biashara ilidorora.

Nani aliumia? Mwenye duka aliumia, bila shaka. Lakini kijana wa mkokoteni alikosa mzigo, fundi akakosa kazi, mama wa chai akarudi nyumbani na birika lililojaa. Hapo ndipo wengi walipoona kwa macho yao kwamba nyuzi za mtaa huo zimeshonwa pamoja. Ukivuta mmoja kwa hasira, nguo yote inafumuka.

Usalama ni haki ya kila mkazi, na anayejua habari za uhalifu ana wajibu wa kuzitoa. Lakini habari hizo hutolewa na jirani anayeamini kwamba atasikilizwa. Aliyetukanwa jana kwa sababu ya sura yake hatafungua mlango leo kusema alichokiona. Ujirani mwema ni ulinzi pia.

Kazi ya kila siku

Anayependa Isli haifumbii macho. Kodi ya nyumba ni ya juu. Taka hurundikana. Mvua ikinyesha, maji machafu hutafuta barabara. Wachuuzi na magari hugombania nafasi, na spika za biashara hupigana na usingizi wa wagonjwa na watoto. Ugomvi wa majirani mara nyingi huanza na mambo haya madogo, kisha mtu fulani hutia kabila au dini ndani yake, na jambo la ndoo ya taka linakuwa jambo la watu wote.

Dawa ni kulimaliza jambo likiwa bado la ndoo. Katika majengo yanayotulia, wapangaji wamekubaliana siku ya kusafisha ngazi, saa ya kuzima muziki na mahali pa kuweka taka, na maagizo yamebandikwa mlangoni kwa lugha zaidi ya moja. Mzee wa mtaa Mkristo na imamu wa karibu wanajuana kwa simu. Kukiwa na mzozo kati ya vijana, wanaketi wote wawili kabla ya uvumi kufika sokoni. Hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji watu waliowahi kusalimiana siku ya amani.

Haki na wajibu

Sheria iko upande wa ujirani huu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, rangi, dini au lugha. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni anaouchagua. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeweka utaratibu wa kuwapokea na kuwalinda waliokimbia makwao.

Wahenga waliongeza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haki huja na jembe lake. Mwenye duka anapaswa kuwa na kibali cha biashara na kukilipia kwa wakati. Mwenye jengo anapaswa kujenga kwa ramani iliyoidhinishwa. Mpangaji anapaswa kutoa taka mahali na siku iliyowekwa. Na kila mkazi, awe ametoka Wajir, Maua, Machakos au Addis Ababa, ana nafasi ya kuleta hoja yake kwenye vikao vya wananchi vya wadi, ambako masuala ya taka, mitaro, taa za barabarani, zahanati na shule za chekechea hujadiliwa. Asiyejua Kiswahili vizuri aje na mtoto wake au jirani yake amtafsirie. Kunyamaza kwa sababu ya lugha kumewafanya wengi wakose huduma wanazozilipia.

Ndugu wakazi, wapo watakaosema kwamba Isli ni mtaa mmoja tu. Lakini kila mtaa unakua kuelekea huko. Kila mwezi kuna mpangaji mpya mwenye lafudhi isiyofahamika, duka jipya lenye harufu mpya, mtoto mpya darasani mwenye jina gumu kutamka. Wakazi wanaweza kumtazama mtu huyo kwa mbali na kungoja siku ya ubaya kumfahamu. Au wanaweza kumuuliza jina lake leo, na kujifunza kulitamka.

Isli imejaribu njia zote mbili, na inajua ni ipi iliyoilipa.