Kupimwa Mimba Usiku Si Kutuhumiwa
Maelezo kwa wakazi katika baraza la afya, Kebirigo



Usiku zahanati nyingi huwa zimefungwa. Mwanamke anayeumwa na tumbo hupelekwa kwa bodaboda hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Akifika, huenda akaombwa mkojo ili apimwe mimba. Wapo wanaokasirika: "Nimekuja na tumbo, mimba inaingiaje hapa?" Wengine humwogopa mume au mama mkwe aliyewasindikiza.

Kipimo hicho si tuhuma. Mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija. Ikiendelea kukua, mrija unaweza kupasuka na damu ikavuja ndani ya tumbo bila kuonekana. Maumivu yake hufanana na ya kidole tumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Bila kupimwa, mgonjwa anaweza kupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani akiwa hatarini. Tena, zipo dawa ambazo mjamzito hapaswi kupewa.

Majibu hupatikana kwa dakika chache. Kipimo huonyesha kama mimba ipo, wala hakionyeshi imetunga wapi. Hilo huhitaji uchunguzi zaidi na picha ya ultrasaundi. Hata aliyefunga kizazi au anayetumia koili akubali kupimwa. Kwake mimba ni nadra, lakini ikitokea, uwezekano wa kuwa nje ya mfuko huongezeka.

Mgonjwa anastahili kuulizwa faraghani, kuelezwa sababu, na kupewa majibu yeye mwenyewe. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Ibara ya 31, na Ibara ya 43(2) inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hivyo msindikizaji akiombwa asubiri nje kidogo, asione amedharauliwa.

Akina mama, mkiulizwa siku ya hedhi ya mwisho, semeni ukweli. Ukikosa hedhi kisha upate maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya bega, kizunguzungu, kuzimia au kutokwa na damu, usingoje kuche. Usikae nyumbani ukisubiri duka la dawa lifunguliwe ununue kipimo. Amsha jirani, itisheni gari, uende hospitali usiku huo huo.