Benki Zinaponunua Teknolojia, Mwananchi Ajue Nini?



Zamani aliyetaka mkopo wa benki aliulizwa mambo matatu: akaunti, hatimiliki ya shamba na mdhamini. Mama mboga wengi hawakuwa na hata moja. Machi 2007 Safaricom ilipozindua M-Pesa, watu ambao hawakuwahi kuingia benki walianza kutuma na kupokea pesa kwa simu. Benki zikaona wateja wamepata njia yao, zikalazimika kuwafuata huko.

Zimefanya hivyo kwa namna tatu. Ya kwanza ni kushirikiana. Novemba 2012, Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni sehemu ya NCBA, iliungana na Safaricom kuanzisha M-Shwari. KCB M-Pesa ikafuata mwaka 2015. Ya pili ni kujijengea. Equity ilianzisha Equitel, na mwaka 2017 benki kupitia chama chao zikazindua PesaLink ili pesa zihame papo hapo kutoka benki moja hadi nyingine. Ya tatu ni kununua. Machi 2025 KCB ilitangaza mpango wa kuchukua asilimia 75 ya hisa za kampuni ya teknolojia ya Riverbank Solutions kwa takriban shilingi bilioni 2. Mambo pia huenda kinyume: mwaka 2022 Branch, inayokopesha kupitia programu ya simu, ilichukua hisa nyingi za benki ndogo ya Century.

Sababu si ngumu. Benki ina leseni na amana za wateja. Kampuni changa ina wataalamu wa programu na wepesi wa kujaribu mambo mapya. Zikiungana, miamala ya simu ya mteja hugeuka dhamana badala ya hatimiliki, na mkopo huingia kwa dakika chache.

Lakini wepesi huo una bei. M-Shwari ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa shilingi 2,000 hulipa 150 juu yake. Akirudia kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 1,800, karibu sawa na mkopo wenyewe. Kwa anayenunua bidhaa na kuziuza kwa faida wiki hiyo hiyo, hesabu hiyo inaweza kufaa. Kwa anayekopa ili alipe mkopo mwingine, ni shimo.

Kwa hivyo wakazi wanashauriwa mambo manne. Kwanza, kabla ya kupakua programu ya mkopo, hakikisha kampuni hiyo iko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Pili, uliza jumla utakayorudisha kwa shilingi, si asilimia pekee. Tatu, jua haki zako. Kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho, matusi au kuwapigia jamaa na marafiki walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Ukitendewa hivyo, hifadhi ujumbe na upeleke malalamiko kwa Benki Kuu au kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nne, weka akiba mahali penye ulinzi. Amana katika benki zilizosajiliwa hulindwa na shirika la KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki.

Nanyi vijana mnaotengeneza programu, benki zinatafuta mawazo. Zikija na mkataba, msikimbilie kutia sahihi. Mtafuteni wakili awaeleze hisa mnazouza, na nani atamiliki programu baada ya hapo.