Walima: Karamu ya Arusi na Mpango Wake

  

 Katika mitaa ya Buyenzi, likitajwa neno arusi, fikira za watu haziendi kwenye ijabu na kabuli, wala kwenye mahari, bali huenda moja kwa moja kwenye sinia. Si aibu hiyo. Karamu ya arusi ni sunna, nayo ina jina lake katika sheria, yaani walima. Lililo ajabu ni kuwa jambo lililowekwa liwe shukrani limegeuka kuwa kama kodi katika nyumba nyingi. Kijana amekwisha pata mchumba, wazee wameridhiana, mahari yapo, na bado nikahi huahirishwa mwaka mzima kwa kungojea pilau.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alihamia Madina akiwa ameacha mali yake Makka, akaingia sokoni kufanya biashara, kisha akaoa mwanamke wa Kiansari kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Mtume (s.a.w.) alipoona juu yake alama ya manukato ya manjano alimwuliza habari, na alipojua kuwa ameoa alimwombea baraka, akamwamuru afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Wako wanaoshika habari hii wakasema kuwa pasipo kondoo hapana walima. Hao wangeendelea kusoma kidogo. Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya, katika mwaka wa 7 wa Hijra, wakirudi kutoka Khaibar, hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikawekwa tende, jibini kavu na samli, na watu wakala. Kwa mmoja wa wakeze walima ilikuwa mudi mbili za shayiri, na mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Kwa Bibi Zainab bint Jahsh alichinja kondoo, na watu wakashiba mkate na nyama. Kila mara ilikuwa ni kadiri ya kilichokuwapo, wala hakuna iliyopungua hadhi kwa kukosa nyama.

Basi mwenye arusi na aanze na hesabu ya kilichopo, kisha hesabu ya watu, ndipo afikirie chungu. Wengi huanza mwisho wakaja mwanzo. Hununua ng'ombe kwanza, kisha wakatafuta wa kumla. Kwa pilau yenye nyama, kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hivi. Watu 200 ni kilo 25. Wakila watano watano, ni masinia 40. Na kama nyumba ina masinia 20 tu, basi watu watakula kwa mikupuo miwili, na lazima wawepo watu wa kuosha katikati, na maji ya kuoshea yawe yamechotwa tangu asubuhi. Hapo juu aongeze sehemu moja kwa kumi, maana watoto wa jirani hawangoji kadi, wala haifai kuwafukuza.

Siku nayo huchaguliwa kwa akili. Mvua za Bujumbura hunyesha aghlabu tangu Oktoba hata Mei, kwa hivi arusi za watu hujazana katika kiangazi; afanyaye nje ya kiangazi na atafute turubai mapema, asingoje wingu. Anayetaka kuwapa wageni wake mukeke badala ya nyama na atazame kalenda ya Kiislamu. Wavuvi wa ziwani huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kamili samaki hawaifuati taa. Kwa hiyo karibu na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi samaki huadimika sokoni na bei hupanda. Bibi wa nyumba mwenye busara huijua habari hii kuliko mumewe.

Kisha saa. Hapa petu, tangu Alasiri hata Magharibi ni kama saa tatu tu, na hazirefuki sana wala hazifupiki, kiangazi wala masika. Nikahi ikifungwa mara baada ya Alasiri, na chakula kikawa tayari, wageni watakula, wataomba dua, na watasali Magharibi kwa wakati wake. Lakini ikiwa bwana arusi yuko kwa komuni mchana huohuo akingojea saini, mambo yote yatasogea, na Magharibi itawakuta watu mikono ina mafuta. Ndoa inayotambuliwa na sheria ya nchi ni ile iliyoandikwa mbele ya afisa wa serikali; hilo halina mjadala, lakini na lifanywe siku iliyotangulia.

Karamu nzuri ina msimamizi mmoja, wala si baba wa bwana arusi. Baba kazi yake ni kuketi na wageni na kupokea pongezi. Akionekana anakimbilia jikoni, kila mtu hujua kuna lililopungua. Msimamizi awe mtu asiyeona haya kusema hapana, ashike ufunguo wa stoo, na mpishi apokee amri kwake peke yake. Arusi ngapi zimeharibika kwa kuwa shangazi watatu wamemwamuru mpishi mambo matatu! Nusu ya nyama hutoka kwa mlango wa nyuma kabla mgeni wa kwanza hajanawa.

Na masinia ya wanawake yatangulie. Desturi ya kuwashibisha wanaume barazani, kisha kuwapelekea wanawake ukoko uani, haina dalili katika dini. Wao ndio waliokesha wakichambua mchele.

Sasa lije lile zito. Kusaidiana katika arusi ni jambo jema. Jirani akileta mchele, mwingine kuni, mwingine akaazimisha sufuria, hiyo ni hisani. Lakini mchango ukiandikwa katika daftari, na jina la asiyetoa likapigwa mstari, na kadi ikapewa tu aliyetimiza kiasi fulani cha faranga, hapo si walima tena, ni hoteli. Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa chakula kiovu kuliko vyote ni chakula cha walima waalikiwacho matajiri na kuachwa maskini. Muadhini wa msikiti, mjane wa nyumba ya pili, mchukuzi wa soko: hawa wakikosa kadi kwa kukosa mchango, karamu hiyo imeingia katika hadithi hiyo waziwazi, hata ikiwa ilifunguliwa kwa Fatiha.

Baya zaidi ni deni. Fikirini fundi cherehani aliyeoa kwa mahari ya haki, akakopa kwa ajili ya ng'ombe wawili, vipaza sauti na magari ya kukodi, kwa kuwa rafiki yake alifanya hivyo. Siku ya kumi wadai wako mlangoni. Cherehani hawezi kuiuza, ndiyo riziki yake. Basi humgeukia mkewe kwa maneno matamu, na dhahabu aliyompa kwa ajili ya Mungu hurudi sokoni kulipa nyama ambayo watu wamekwisha isahau. Mahari ni mali ya mwanamke. Qurani katika Suratun Nisaa, aya ya 4, imeruhusu kuila sehemu anayoitoa mwenyewe kwa moyo mweupe. Je, bibi arusi wa siku kumi, aliyezungukwa na wadai wa mumewe, moyo wake una uhuru gani wa kukataa? Wazee wa pande zote mbili wangemwuliza kijana swali moja kabla ya kutoa kadi, ni nani atakayelipa, na kwa fedha ipi, msiba huu usingeingia nyumbani.

Wageni nao wana wajibu wao. Aliyealikwa na aitikie, isipokuwa kwa udhuru au kama kuna maasi. Mwenye saumu aende awaombee dua. Na akisha kula, aondoke. Katika walima ya Bibi Zainab baadhi ya watu walibaki wakizungumza, na Mtume (s.a.w.) aliona haya kuwaambia, hata ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab inayowafundisha waumini wasingojee chakula kiive, na wakisha kula watawanyike.

Usiku huohuo chakula kilichobaki kigawiwe kwa majirani, kabla hakijachacha. Mpishi alipwe kabla hajaondoka, wala asiambiwe aje kesho. Na masufuria ya kuazima yaoshwe na kurudishwa asubuhi, kila moja kwa mwenyewe, msimamizi akiwa na hesabu yake mkononi.