MARADHI YA USAHAULIFU: MAZUNGUMZO YA KAMATI YA AFYA KWA WANACHAMA

 

Haya ndiyo tuliyosema mkutanoni. Tunayaandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, na wale waliosinzia.

Tuanze na kosa letu. Msimu uliopita mzee wetu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alikuja kudai malipo ya kahawa yake. Tukamwonyesha daftari: amekwisha lipwa, dole gumba lake lipo. Kesho yake akarudi. Mara ya tatu akamwita karani mwizi mbele za watu. Kamati ikakaa kumjadili, siyo kumsikiliza. Wengine wakasema ni mbege. Wengine wakanong'ona ati amerogwa na jirani yake, mama mmoja mjane. Maneno ya namna hiyo yamewatoa roho bibi wengi katika nchi hii.

Binti yake ndiye aliyetufumbua macho. Kumbe kwa miaka miwili baba huuliza jambo lile lile mara kumi asubuhi moja. Alipotea njia ndani ya kihamba alichozaliwa. Panga huliweka kwenye unga. "Mambo ya 1961 anayasimulia vizuri, ya jana hana," alisema.

Jamani, kusahau ulipoweka ufunguo siyo ugonjwa. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani, hapo pana neno. Ni maradhi ya ubongo, siyo uzee tu. Aina yake inayoonekana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Wala msiseme ni ya Wazungu: mwaka 2010 watafiti walipita wilaya ya Hai, na katika wazee wa miaka 70 na zaidi walionekana wagonjwa kama 6 kwa kila 100.

Basi mzee akapelekwa kwa daktari wa kituo cha afya, anayeijua nyumba ile tangu zamani. Mmoja wetu alisindikiza. Daktari alimwuliza siku, mwezi, jina la kijiji, akampa maneno machache ayakumbuke. Kisha akamwuliza binti, kwa muda mrefu zaidi. Akapima presha, sukari, malaria, kaswende na virusi vya UKIMWI, akataka kuona dawa zote anazokunywa. Maana yako mambo yanayofanana na maradhi haya nayo yanatibika: ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, huzuni kubwa ya kufiwa, pombe, damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka. Na mzee anayechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, akimbizwe zahanati siku hiyo hiyo. Huenda ana homa au maradhi ya njia ya mkojo.

Mzee wetu alikuwa na presha kubwa, anaitibu sasa. Dawa ya kuponya usahaulifu wenyewe hakuna, tusidanganyane, na mwenye kuuza mizizi kwa bei ya mbuzi asitudanganye. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Msibishane naye. Akisema anakwenda kumwona mama yake, marehemu, mwulizeni habari za mama yake. Apewe kazi anayoijua, kuchambua maharage au kufagia uwanja, saa zile zile kila siku. Panga, mafuta ya taa na dawa za mibuni zifungiwe.

Mwisho daktari alimwuliza binti, "Na wewe unalala saa ngapi?" Akalia. Tangu hapo kaka zake wanapokezana usiku, ingawa mmoja bado anasuasua.

Chama kimeamua: malipo ya mzee yatatolewa mbele ya mkewe na binti yake. Karatasi yoyote ya kihamba yenye dole gumba lake haitatambuliwa na chama bila ukoo na serikali ya kijiji kuwapo. Moja ilikwisha letwa, aliyeileta anajijua.

Karani tumemsafisha. Kwa yule mama mjane tulikwenda watu watatu kuomba radhi. Alitusikiliza mlangoni, hakutukaribisha ndani.

Mwenye mzee wa namna hii amwone katibu siku ya kupima kahawa. Daktari ameomba mzee asiende peke yake: afuatane na anayekaa naye, na dawa zote zibebwe.