Pale Kenchi Inapokaa

Wahitimu wa uhandisi, mniwie radhi, siku ya vigelegele kama leo nitazungumzia paa lililoanguka.

Mapema Januari 2003, katika ukumbi wa mbio za baiskeli wa Ballerup, nje kidogo ya Copenhagen, kenchi 2 kati ya 12 ziliporomoka. Kila moja ilivuka mita 73 bila nguzo ya katikati, ikiwa ni mbao zilizogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka. Hakukuwa na theluji nzito wala upepo wa maana. Paa lilichoshwa na uzito wake lenyewe.

Kosa lilikutwa kwenye kona za kenchi, pale boriti ya juu na ya chini zinapokutana ili kukaa juu ya nguzo. Hapo mbao huchanwa kwa msumeno sahani za chuma ziingie, kisha hutobolewa pini zipite. Kwenye hesabu, mbao hiyo ilichukuliwa kana kwamba bado nzima, tena ikapewa nguvu isiyokuwa nayo. Kenchi 10 zilizobaki zimesimama zilikuwa na ugonjwa uleule.

Aliyewahi kupasua kuni anajua: shoka likifuata nyuzi, gogo linakubali kwa pigo moja. Mbao ya gundi nayo haijasahau kwamba ilikuwa mti. Ukizipanga pini karibu mno na ncha, au ukazibananisha kwenye mstari mmoja wa nyuzi, umelichorea shoka njia. Na sahani pana ya chuma huizuia mbao kusinyaa inapokauka. Ikikosa pa kusinyaa, inapasuka. Mimi hupendelea pini nyingi nyembamba kuliko chache nene, maana nyembamba hupinda kwanza kabla mbao haijachanika. Fundi wa keekee atanung'unika, najua.

Halafu kuna Jyväskylä, Ufini. Mwezi mmoja tu baada ya Ballerup, sehemu ya paa la ukumbi wa maonyesho ilianguka. Kiungo kimoja cha kenchi kilitakiwa kiwe na pini 33. Zilikutwa 7.

Basi mkipewa saiti yenu ya kwanza, kabla kreni haijainua kenchi, nendeni mkazihesabu pini kwa kidole, moja moja, mchoro mkononi. Fundi mkuu akicheka, mwacheni acheke, nanyi mhesabu.