Mfungwa Aliyerudi na Kazi ya Mikono



Ndugu wapenzi, ninyi wa Marabo na wa vijiji vyote vya njia ya Bunia, juma lililopita tulisoma juu ya sakramenti ya kitubio. Mmoja wenu ameuliza: Mtu aliyeiba, akafungwa, kisha akaungama, je, amemaliza yote? Leo nitamjibu kwa habari ya mlango.

Kijana mmoja wa kijiji chetu aliiba mbuzi wa jirani, akafungwa katika gereza la Bunia. Alipofunguliwa alirudi mikono mitupu, hana shamba wala jembe. Aliungama, akapata maondoleo ya dhambi. Lakini siku ya Bwana, alipoketi kanisani, watu walihama benchi lile. Nami, katekista wenu, nilimsalimu kwa mdomo tu.

Seremala mmoja mzee alimpokea. Siku ya kwanza hakumpa randa, alimpa ufagio. Kisha alimfundisha kupanga mbao za mvule kivulini, na kuweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Akamwambia, "Mwanangu, ubao mbichi ukiuharakisha, utapinda ukiwa mlangoni, na aibu itakuwa yako." Baadaye alimfundisha kunoa patasi, kutoboa mwimo, na kuchonga ulimi wa ubao uingie humo na kukaza. Kijana akikosea, mzee hakuutupa ubao. Alimwamuru aukate, autengenezee kigoda.

Mwaka ukapita, kijana akaijua kazi. Lakini hakuna aliyemwagiza mlango. Watu walisema, "Fundi wa milango huingia nyumbani na kuona kufuli ilipo. Tumwonyeshe mwizi?" Mlango wangu mimi ulikuwa umeliwa na mchwa, nami nilikwenda kutafuta fundi wa mbali.

Usiku mmoja nilikuwa nikitayarisha somo juu ya barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni. Paulo, naye akiwa kifungoni, anamwombea Onesimo mtumwa apokewe kama ndugu. Na ikiwa ana deni lolote, Paulo ataka lihesabiwe juu yake mwenyewe. Niliona haya. Paulo alikubali kulipa deni la mwenzake, nami niliogopa hata kupimiwa mlango!

Asubuhi nilimwita kijana. Alipima mbele ya mke wangu na watoto, mikono ikimtetemeka. Mlango uliposimamishwa, yule jirani aliyeibiwa alikuja, akaufungua, akaufunga, akauliza bei ya dirisha. Kijana akajibu, "Kwako, baba, dirisha ni malipo ya mbuzi wako."

Ndugu wapenzi, fahamuni jambo hili. Padri huondoa dhambi kwa uwezo wa Kristu, lakini mali ya mtu yapasa kurudishwa. Atairudishaje asiye na kazi? Na atapataje kazi ikiwa kila mlango umefungwa? Mtume Paulo mwenyewe alishona mahema huko Korinto pamoja na Akwila na Prisila. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na tarehe 26 Desemba 2024 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, mjini Roma, ili wafungwa nao wawe na tumaini. Basi, Baba Mtakatifu aliwafungulia wafungwa mlango; sisi tuwafungie ya kwetu?

Maswali ya kukariri

Swali: Mwizi aliyeondolewa dhambi adaiwa nini tena?
Jibu: Adaiwa kurudisha mali aliyoiba, kadiri awezavyo.

Swali: Atairudisha kwa njia gani?
Jibu: Kwa kazi halali ya mikono yake.

Swali: Wakristu wadaiwa nini kwake?
Jibu: Wadaiwa kumpokea kama ndugu, kumfundisha kazi, na kumpa kazi.

Zoezi la juma hili: Ikiwa yuko kwenu mtu aliyetoka gerezani, usimpe salamu tupu. Mpe kazi moja, hata ya kutengeneza kigoda, na umlipe haki yake siku hiyohiyo.

Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, utuombee. Amina.