Somo la Redio: Roda na Mti wa Juu

Somo la leo ni juu ya kuinua mizigo mizito.

Dar es Salaam kuna jengo la Mamlaka ya Bandari lenye ghorofa 35. Jengo refu namna hiyo hujengwa kwa winchi. Buhemba, mkoani Mara, ambako dhahabu ilichimbwa tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1961, wachimbaji wadogo huvuta mifuko ya mawe kutoka shimoni. Kazi hizi mbili zina kanuni moja, nayo ni ya roda.

Roda ni gurudumu lenye mfereji wa kupitisha kamba. Tuseme mmefunga roda moja kwenye mti uliolazwa juu ya shimo. Mfuko una kilo 100. Mvutaji anavuta kamba kuelekea chini kwa nguvu ya kilo 100. Mzigo haukupungua; nafuu yake ni kwamba anavuta kwa uzito wa mwili wake.

Je, mti unabeba kilo ngapi? Wengi hujibu, "Mia moja." Sivyo. Mti unavutwa na mfuko, na unavutwa pia na mtu. Jumla ni kilo 200. Mti dhaifu ukivunjika, aliye shimoni ndiye anayeumia.

Sasa tumieni roda mbili. Fungeni ncha ya kamba kwenye mti. Ipitisheni chini ya roda ya pili, iliyoshika mfuko, kisha juu ya roda ya kwanza. Mvutaji atatumia nguvu ya kilo 50, na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano. Mti utabeba kilo 150 hivi. Lakini hakuna cha bure: kuinua mzigo mita 1, mtavuta kamba mita 2.

Basi, kabla ya kuvuta, kagueni mti, kamba na fundo. Kamba iliyochakaa itupeni. Mzigo ukiwa hewani, asisimame mtu chini yake, iwe shimoni au penye ghorofa.

Swali la kujibu darasani: mfuko wa kilo 60 ukivutwa kwa roda moja, mti unabeba kilo ngapi?

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.